Tulitaka Gemu, Msituletee Duka

Usiniambie unangoja. Anayengoja huwa na jicho mlangoni. Wewe umelala, tena fofofo, na trela ya GTA VI inajirudia kwenye simu iliyokulalia kifuani.

Amka tuongee.

Desemba 2023 Rockstar, watengenezaji wake, walitutupia trela ya kwanza, mwisho wake wakaandika 2025. Tukapiga vigelegele. Mei 2025 wakasema samahani, sasa ni 26 Mei 2026. Tukaguna. Novemba 2025 wakarudi tena: 19 Novemba 2026. Safari hii hatukuguna hata kidogo. Tuliwashukuru! Watu wazima na akili zetu tukaandikiana kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba ni vizuri, wachukue muda wao, chelewa ufike. Hebu nitajie mtu mwingine unayemdai, akupige kalenda mara mbili, nawe umjibu ahsante.

GTA V ilitoka tarehe 17 Septemba 2013. Mtoto aliyezaliwa mwezi uliofuata anamaliza shule ya msingi, na katika uhai wake wote hajaona GTA mpya hata moja. Kaka zake je? Kati ya Oktoba 2001 na Oktoba 2004 walipata GTA III, wakapata Vice City, wakapata San Andreas. Tatu! Na sijasikia hadi leo anayelalamika kwamba San Andreas ilitengenezwa kwa pupa.

Utanirukia hapo: gemu za siku hizi ni kubwa, zinajengwa na maelfu ya watu, haziwezi kutoka kila mwaka. Najua. Sikuzaliwa jana. Lakini ukubwa peke yake unatosha kueleza miaka 13? Au kuna kitu kingine, kitu kitamu kwao, kilichowaondolea haraka yoyote ya kutuletea nyingine?

Kipo, na nitakifikia. Kwanza mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Hawa watu wanajua kujenga. Angalia ule ufukwe wa Vice City kwenye trela ya kwanza: umati mzima, kila mtu na mwili wake, na mwendo wake, na kilichompeleka pale. Jimbo lao la Leonida, ambalo ni Florida iliyobatizwa jina jipya, lina jiji, lina mabwawa ya mamba, lina visiwa vya kusini, lina hifadhi ya mlima. Halafu yupo Lucia, anayetokea mbele yetu kwa mara ya kwanza akiwa gerezani, mwanamke wa kwanza kubeba hadithi kuu ya mfululizo huu tangu ulipoingia kwenye 3D mwaka 2001. Yeye na Jason, wapenzi wawili wenye madeni na bastola. Mimi naitaka hadithi hiyo. Naitaka sana.

Ndiyo maana nina hasira. Ingekuwa gemu ya hovyo ya watu wa hovyo, nisingepoteza wino.

Na wewe unajua kwa nini tunaipenda. Hatukuipendea matangazo. Tuliipendea kibandani. TV ya chogo juu ya stuli, PS2 iliyovuliwa mfuniko ili CD ishike vizuri, pedi moja imefungwa kwa raba ya baiskeli, na foleni ya vichwa nyuma ya mchezaji. Kulikuwa na daftari la hisabati ambalo kurasa za mwisho hazikuwa na hisabati, zilikuwa na vitufe vya siri vya gemu: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu. Aliyekuwa nalo alikuwa mfalme wa mtaa. (Jalada lilisema gemu si ya watoto. Jalada lenyewe hatukuwahi kuliona. CD zetu zilikuja kwenye mfuko wa nailoni.)

Kiingereza kilitupita kushoto. Hata hivyo kila mmoja alijua kwamba CJ wa San Andreas amerudi nyumbani kumzika mama yake. Kila mmoja aliumia rafiki yake Big Smoke alipomgeuka. Na kila mmoja aliilaani ile misheni ya treni: unaendesha pikipiki kandokando ya behewa, Big Smoke nyuma yako anapiga risasi kila mahali isipokuwa kwa adui, halafu wewe ndiye unayelaumiwa kwa kushindwa. Kibanda kizima kilikuwa na ushauri. Hakuna aliyekuwa na fedha ya kuimaliza kwa siku moja, lakini ilimalizika. Ilikuwa na mwisho. Ukiimaliza, umeimaliza, na hakuna kampuni duniani iliyoweza kuja kukupokonya ushindi wako.

Sasa sikiliza kilichotokea baada ya 2013.

GTA V iliingiza dola bilioni 1 ndani ya siku tatu. Siku tatu! Wiki mbili baadaye, tarehe 1 Oktoba, ukafunguliwa upande wa pili, GTA Online. Humo ndani kila kitu kinanunuliwa kwa fedha za mchezo: nyumba, gari, nyambizi, ndege. Fedha hizo unaweza kuzihangaikia kwa usiku mwingi, au unaweza kununua kadi kwa fedha halisi. Kadi kubwa kuliko zote inakaribia dola 100. Hizo si fedha za gemu. Ni fedha za kuchezea ndani ya gemu uliyokwisha kuilipia.

Mwaka ule ule walituahidi nyongeza kubwa za hadithi, mwaka 2014, tuendelee na wahusika wetu watatu, Michael, Franklin na Trevor. Unakumbuka? Steven Ogg, aliyemwigiza Trevor, amewahi kueleza kwamba kazi ya kurekodi ilishaanza. Tukangoja 2014. Tukangoja 2015. Mwaka 2017 wakatufafanulia kwa maneno laini kwamba, unajua, nguvu zilikwenda kwingine. Zilikwenda wapi? Zilikwenda dukani.

GTA IV kabla yake ilikuwa imepata nyongeza mbili nzima mwaka 2009, kila moja na mtu wake na hadithi yake. V, iliyouza mara nyingi zaidi, haikupata hata moja. Akufukuzaye hakwambii toka.

Kama hujawahi kuingia huko Online, nikueleze duka linavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye kidonda. Una mzigo wa kupeleka upande wa pili wa ramani. Umeufanyia kazi saa nzima. Uko barabarani, bandari inaonekana. Ghafla anatokea kijana juu ya pikipiki inayopaa, yenye makombora. Hana haja na mzigo wako. Hafaidiki chochote cha maana. Anakulipua kwa sababu anaweza, anapaa, anakwenda zake. Saa yako imeungua. Wewe utafanya nini? Utaitafuta pikipiki hiyo na wewe. Bei yake ni mamilioni ya fedha za mchezo. Mamilioni hayo huna. Kadi ziko pale pembeni, bonyeza kitufe kimoja tu.

Aliyeitia pikipiki hiyo humo mwaka 2018 ni nani? Ni yule yule anayeuza kadi. Ni fundi anayetoboa bomba usiku ili aitwe asubuhi kuliziba.

Na inalipa. Soma ripoti za fedha za Take-Two, kampuni mama ya Rockstar: sehemu kubwa ya mapato yao hutoka kwenye fedha ambazo wachezaji wanaendelea kulipa baada ya gemu kununuliwa. Wameandika wenyewe, kwa wenye hisa, bila aibu. Sasa jiulize. Wewe ungekuwa na duka ambalo halifungwi usiku wala sikukuu, ungekuwa na haraka ya kujenga jingine? GTA V yenyewe wameiuza kwenye PS3 na Xbox 360 mwaka 2013, wakaiuza tena kwenye mashine zilizofuata mwaka 2014, wakaiuza tena kwenye mashine za leo mwaka 2022. Nakala zaidi ya milioni 200. Kuna watu ninaowajua wameinunua mara tatu, na wakikutana nawe wanajisifu.

Machi 2022 wakaongeza ada ya kila mwezi, GTA+. Dalili ya mvua ni mawingu. Gemu mpya ilikuwa bado haina hata trela, na tayari tulikuwa tunazoeshwa kulipa kodi ya mwezi katika ya zamani.

Mvumilivu hula mbivu, unaniambia. Je, mvumilivu akikuta mbivu imekatwa vipande, na kila kipande kina bei yake?

Labda unadhani wataipa VI heshima kwa sababu ni GTA, kwa sababu ni mtoto wao kipenzi. Basi nikukumbushe Novemba 2021. Walizichukua zile tatu za kibandani, III, Vice City na San Andreas, wakatuuzia upya kama trilojia, kwa bei kamili. Mvua ilinyesha mistari mizito myeupe hadi humwoni unayempiga. Ukungu uliokuwa ukificha mwisho wa ramani ukaondolewa, San Andreas yetu kubwa ikaonekana yote kutoka juu, ndogo kama kiwanja. Mabango yakaandikwa makosa ya tahajia ambayo miaka ya 2000 hayakuwepo. Kulikuwa na nati kubwa juu ya duka la maandazi, nati ya chuma, utani wa wasanii wa zamani. Mtu au mashine ikaona pembe zake ni kosa, ikazisugua hadi zikaisha.

Hiyo nati ndiyo inayonikosesha usingizi. Aliyeisugua hakuwa na ubaya wowote. Hakujua tu kwamba ni utani. Hakuwa mmoja wetu, wala hakuwa mmoja wao wa zamani, na hakukuwa na mtu ofisini wa kumgusa bega akamwambia acha hapo.

Wakaomba radhi. Na hapo kabla walikuwa wamekwisha kuzitoa sokoni nakala za zamani, ili usipate pa kukimbilia; kelele zilipozidi ndipo wakazirudisha kwenye kompyuta. Zingatia hilo la kelele, nitalirudia.

Nani yuko ofisini leo? Leslie Benzies, aliyeongoza utengenezaji wa gemu hizi kuanzia III hadi V, aliondoka 2016. Dan Houser, mwandishi wa hadithi kubwa za mfululizo huu, aliondoka 2020. Mwaka huo huo akaondoka Lazlow, sauti na mcheshi wa redio zao. Sam Houser, ndugu yake Dan, yupo, na vipaji vipya vipo bila shaka. Simzibii mtu riziki. Lakini mtu akiniambia nisiwe na wasiwasi kwa sababu ni watu wale wale, nitamwambia asome majina.

Na ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwishoni mwa Oktoba 2025 Rockstar iliwafukuza kazi watu zaidi ya 30 nchini Uingereza na Kanada. Chama cha wafanyakazi cha IWGB kinasema waliadhibiwa kwa sababu walikuwa wakijipanga kuungana. Kampuni inasema walitoa siri zake. Watu wakasimama na mabango nje ya ofisi Edinburgh. Wiki moja hivi baada ya watu kufukuzwa likaja tangazo la tarehe kusogezwa. Mitandaoni watu walilia. Walilia nini? Walilia tarehe. Aliyefukuzwa kazi kabla ya kumaliza jengo alilolijenga miaka mingi hakupata hata robo ya machozi hayo. Ndiyo sisi hao, tunaojiita familia ya gemu.

Sasa tuje nyumbani, maana najua kuna wanaosoma wakisema haya ni ya Wazungu na dola zao.

Uchumi wetu wa gemu umejengwa juu ya CD. CD moja ya PS4 inanunuliwa na kibanda, inachezwa na mtaa mzima, ikichosha inabadilishwa na kibanda cha pili kwa nyongeza kidogo, kisha inauzwa kwa mwanafunzi wa chuo, naye akihitimu anamwachia mdogo wake. Gemu isipokuja kwenye CD, au ikaja na boksi lenye karatasi ya namba tu, mnyororo huo wote unakatika. Huuzi, hubadilishi, huazimishi, hurithishi.

Utapakua? Red Dead Redemption 2, kazi yao ya 2018, ilizidi GB 100 na ikahitaji CD mbili. VI haitakuwa nyembamba kuliko hiyo. Piga hesabu kwa bando la mtandao wako, kisha ongeza masahihisho ya wiki ya kwanza, ambayo siku hizi ni makubwa kama gemu nzima.

Na utapakua kutoka wapi? Mtandao wa PlayStation hauzitambui Tanzania na Kenya. Ukifungua akaunti unaandika kwamba unaishi Marekani au Afrika Kusini. Kadi za kuweka fedha unanunua kwa jamaa wa WhatsApp anayeongeza chake juu. Wote tunafanya hivyo, na wote tunajua kwamba akaunti yenye anwani ya uongo ikifungwa, hakuna pa kwenda kulalamika. Maktaba yako ya miaka mitano inaondoka nayo. Halafu kuna mtu ananiambia CD zimepitwa na wakati. Zimepitwa na wakati wa nani?

Hata kile ulichonunua kihalali hakitulii mikononi mwako. Vice City ilipoteza nyimbo za Michael Jackson. San Andreas ikanyofolewa nyimbo 2014, GTA IV ikafuata 2018, kwa sababu leseni za muziki ziliisha. Aliyekuwa na CD ya zamani na mashine isiyoingia mtandaoni alibaki na redio yake nzima. Aliyekubali masahihisho aliamka akakuta stesheni ina mapengo.

Nao wachezaji wa Red Dead Online? Walinunua, wakalipa, wakajenga maisha yao humo. Julai 2022 Rockstar wakatangaza kwamba hakutakuwa tena na nyongeza kubwa, nguvu zinahamia GTA mpya. Wachezaji wakavaa nguo nyeusi ndani ya gemu, wakakusanyika na farasi wao makaburini, wakaifanyia mazishi. Ulicheka ulipoiona ile video. Mimi pia. Sasa fikiria miaka kumi mbele: duka la VI litakapoacha kulipa, unadhani watakuja kukuaga?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini tunazibaje, wewe na mimi, tulio mbali hivi na Edinburgh na New York?

Kwa mambo yanayowauma. Novemba 2017 Electronic Arts waliileta Star Wars Battlefront II ikiwa imejaa masanduku ya bahati nasibu ya kulipia. Wachezaji wakachachamaa, na usiku wa kuamkia uzinduzi kampuni ikazima ununuzi wote wa ndani. Kampuni kubwa ile, usiku mmoja! Mei 2024 Sony walitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta walazimike kuwa na akaunti ya PlayStation, jambo ambalo lingewafungia nje watu wa nchi zaidi ya 170 ambako huduma hiyo haipo, zetu zikiwemo. Watu walimwaga alama mbaya kwenye ukurasa wa mauzo, wakadai fedha zao, na ndani ya siku chache Sony wakarudi nyuma. Hata ile trilojia mbovu, nilikwambia, kelele ndizo zilizorudisha nakala za zamani.

Kelele zinafanya kazi. Kinachowafaa wao ni usingizi wako. Wanahitaji ulipie kabla hujaiona. Wanahitaji ununue toleo la bei ya juu ili uingie siku tatu mapema. Wanahitaji useme "bora itoke tu". Kila unapolisema neno hilo, mtu mwenye tai anaongeza sifuri mahali fulani.

Bora itoke tu! Ikitoka na hadithi ya saa 15 na duka la miaka 15? Ikitoka ikidai intaneti hata unapocheza peke yako? Ikitoka na Lucia aliyeandikwa vizuri, halafu ukimaliza hadithi yake usimsikie tena, kama tulivyoacha kumsikia Trevor, kwa sababu nguvu zimekwenda kubuni pikipiki nyingine ya makombora?

Mimi siku hiyo sitaangalia picha. Picha nina hakika zitakuwa nzuri. Nitauliza: CD imo ndani ya boksi au hakuna? Hadithi inachezeka umeme ukiwepo na intaneti isipokuwepo? Nyongeza za Lucia na Jason zimeahidiwa kwa maandishi, au tunarudishwa 2014? Nitasubiri aliyeicheza hadi mwisho aniambie, na hata ikichukua mwezi, nimekwisha kungoja miaka 13. Wewe uliyempa jamaa wa kadi fedha ya kukuwekea nafasi, mpigie simu leo akurudishie, kabla hajaifanyia biashara nyingine.